Jicho Lililo Sawa

Mama Nyapal alikuwa fundi wa milaya, yale mashuka makubwa ya kudarizi ambayo bibi harusi wa Juba hawezi kukosa. Alidarizi maua mekundu, ndege wa kijani, na majina ya maharusi katikati. Kazi hiyo aliijua tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi alirudi nyumbani Juba na binti yake, Nyakong, wakapata chumba cha mabati mtaa wa Hai Cinema. Mama alidarizi, Nyakong akauza katika soko la Konyo Konyo. Walikula walichouza.

Kisha jicho la kulia likaanza kuona moshi. Mama Nyapal alidhani ni moshi wa mkaa, akatoa jiko nje. Moshi ukabaki palepale. Mwisho jicho hilo likawa jeupe katikati, na mtu akisimama upande wa kulia, Mama hakumjua mpaka aseme. Kazi yote ikabebwa na jicho la kushoto. Hilo ndilo lililokuwa likiwalisha watu wawili.

Mwaka 2009 ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wangekaa wiki moja kwenye kliniki ya jirani. Mama alikwenda kupimwa. Daktari alimwambia kwamba ana mtoto wa jicho.

"Ndani ya jicho kuna kioo kidogo," alieleza. "Cha kwako kimeingia ukungu. Tutakitoa, tuweke kingine kisafi. Njoo kesho. Asubuhi kunywa uji, na umeze dawa zako za presha kama kawaida."

Mama aliitikia. Lakini moyoni hakuwa hapo. Wakati wa vita kaka yake, Lony, alilazwa usingizi kwa dawa ili akatwe mguu uliooza. Lony hakuamka. Tangu siku hiyo Mama Nyapal aliyachukia maneno "dawa ya usingizi", na sasa aliamini kwamba kesho ni zamu yake. Hakumwuliza daktari. Aliona haya kuonekana mwoga.

Nyakong, aliyekuwa nje akiongea kwa simu, hakusikia habari ya uji. Hilo halikumzuia kutoa maagizo.

"Mama, mtu akienda operesheni hali wala hanywi kitu," alisema walipofika nyumbani. "Nilikuwa nikiona hivyo Kenya. Hata tembe ya presha uiache, si inamezwa kwa maji?"

"Daktari alisema uji."

"Labda hukumsikia poa. Niamini mimi."

Mama akamwamini. Alikuwa amezoea kumwamini katika mambo ya hospitali, kwa sababu Nyakong alisoma na yeye hakusoma.

Kesho yake walikaa kwenye benchi refu lililojaa watu. Muuguzi kijana kutoka Uganda, jina lake Conrad, alikuwa akipita kwa haraka na plasta mkononi. Kila mgonjwa alibandikwa kipande juu ya nyusi, upande wa jicho la kupasuliwa. Jua lilikuwa likimpiga Mama usoni, naye alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Wewe ni Mama Nyapal?"

"Aiwa," Mama akakubali.

Conrad akagusa paji la uso wa Mama upande wa kushoto. "Jicho ni hii. Sawa?"

Mama akafikiri kidogo. Anaulizwa kama jicho hili ni zima? Ni zima, tena sana.

"Sawa," akajibu. "Hii iko sawa kabisa."

Plasta ikabandikwa juu ya jicho la kushoto. Conrad alikuwa na kadi ya Mama mfukoni, na kadi ilisema kulia. Hakuitazama. Alikuwa amesikia neno alilolitaka, na watu walikuwa wengi.

Baadaye alirudi na matone ya dawa, yale yanayofungua mboni ya jicho ili daktari aone ndani. Akayatia jicho la kushoto. Muda si mrefu mwanga ukawa mwingi mno, na uso wa Nyakong ukaanza kuyeyuka.

"Nyakong, jicho yangu mzuri inaharibika. Sioni wewe vizuri."

"Ni dawa tu, Mama. Wanajua wanachofanya. Usisumbue watu."

Maneno hayo, usisumbue watu, husemwa kila siku kwenye mabenchi ya hospitali. Mara nyingi ni ushauri mbaya. Mama akatii.

Alipoitwa, aliingia chumba cha upasuaji, akalazwa chali. Mwanamke aliyefunika mdomo kwa kitambaa akainama karibu naye.

"Mama, naitwa Jerioth. Mimi ndiye ninayechoma dawa ya ganzi. Kabla sijagusa kitu, naomba uniambie jina lako kwa kinywa chako."

"Nyapal."

"Asante. Na jicho gani halioni? Usiniambie. Nionyeshe kwa kidole."

Kidole cha Mama kikapanda, kikatua juu ya jicho la kulia.

Jerioth alikitazama kidole hicho. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwake. Aliirudisha kwenye sinia taratibu, akachukua tochi. Kulia kulikuwa na weupe. Kushoto, chini ya plasta, kulikuwa na jicho safi, mboni imefunguka yote.

"Daktari," akaita, "tusimame kwanza. Jicho lililobandikwa silo."

Daktari akaja, akasoma kadi, akatazama macho yote mawili. Akatikisa kichwa. Nyakong na Conrad wakaitwa ndani.

"Nilimwuliza," Conrad alisema. "Yeye mwenyewe alisema sawa."

"Ulimwuliza nini?" daktari akasema.

"Jicho ni hii, sawa?"

Mama Nyapal akaketi. "Uliuliza kama jicho hii iko sawa. Nikasema iko sawa. Hii ndiyo inaona. Hii ndiyo inashona. Sasa ulitaka mimi niseme nini?"

Conrad akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Kosa ni yangu. Nilikuwa nakimbia."

"Malesh," Mama alisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu akiombwa radhi Juba. Lakini hasira ilimjaa. "Mngepasua hii, ingekuwa nini?"

Jerioth hakumficha. "Ningechoma sindano pembeni ya jicho zima, na daktari angelipasua bila sababu. Upasuaji wa jicho ni salama, lakini mara chache kuna kutokwa damu, au uchafu kuingia. Ungeweza kulipoteza."

Nyakong akaanza kulia kimyakimya. Mama alimsikia, na kwa mara ya kwanza hakumbembeleza. Alikuwa akiwaza maisha ya giza pande zote mbili.

Jerioth akamfunga Mama mkononi kifaa cha kupimia presha. Akasoma, akakunja uso.

"Presha iko juu sana. Ulimeza dawa?"

"Hapana. Na sikula."

"Ni mimi nilimkataza," Nyakong alisema. "Nilidhani analazwa usingizi."

"Wanaolazwa usingizi ndio wanaofunga, ili chakula kisipande kikaingia mapafuni," Jerioth alieleza. "Mama yako tungempa ganzi tu, jicho life ganzi na yeye akiwa macho. Presha ikiwa juu hivi, damu inaweza kuvuja ndani ya jicho. Na mtu mwenye sukari akifunga bila kuagizwa, anaweza kuzimia hapa mezani. Kila mgonjwa afuate alivyoambiwa yeye, si alivyoambiwa jirani."

Mama akamgeukia Jerioth. "Hamnilazi usingizi?"

"Hapana. Nani alikwambia?"

Ndipo Mama akamsimulia habari za Lony. Alisimulia polepole, na chumba kilichokuwa na haraka asubuhi nzima kikamsikiliza.

"Pole sana, Mama," Jerioth alisema. "Usingizi wa dawa nao una kazi yake, na mwenye kuutoa hukaa na mgonjwa mpaka aamke. Lakini kwako hauhitajiki. Ungetuuliza jana, usingelala na mzigo huo. Leo hatufanyi kitu. Nenda ule, umeze dawa, urudi kesho. Tukikuuliza neno hulielewi, sema hulielewi. Ukiona jicho zima linatiwa dawa, piga kelele. Hapo humsumbui mtu."

Jioni hiyo Nyakong alipika wali na samaki, akampa mama yake tembe ya presha mkononi, akangoja mpaka aimeze. Hakutoa agizo lolote.

Waliporudi kesho yake, Conrad alikuwa kwenye benchi lilelile, lakini alikuwa akitembea taratibu. Mkono mmoja ulishika plasta, mwingine ulishika kadi iliyofunguliwa.

"Mzee, jina yako ni nani?" alimwuliza mtu aliyetangulia. "Jicho gani inasumbua? Iguse mwenyewe." Alisoma kadi kwanza, kisha akabandika. Alipomfikia Mama Nyapal alifanya vilevile, ingawa jibu lake asingelisahau mpaka kaburini.

Presha ilikuwa imeshuka. Mezani Jerioth akauliza yaleyale tena, mbele ya daktari, na daktari akayarudia kwa sauti. Kisha Jerioth akasema, "Sasa sindano. Utasikia kuchomwa kidogo, halafu uzito. Utafunikwa uso, lakini hewa ipo. Usiinue kichwa wala mkono. Ukitaka kukohoa, nibinye kiganja, daktari atoe vyombo kwanza."

Sindano iliuma, kisha upande ule ukawa mzito. Mama alisikia vyuma vikigusana. Alisikia watu wakiongea. Katikati ya kazi koo likamwasha, akabinya kiganja cha Jerioth. Daktari akasimama. Mama akakohoa mpaka akamaliza, kazi ikaendelea. Hakulala hata kidogo.

Usiku jicho lilifunikwa bandeji, naye hakuligusa wala kulisugua. Asubuhi Conrad ndiye aliyeifungua.

Kwanza Mama aliona rangi. Kisha akaona mlango, benchi, na binti yake amesimama upande wa kulia bila kusema neno.

"Nyakong," akasema, "umekonda."

Nyakong akacheka na kulia pamoja. Watu wa benchi wakapiga makofi. Conrad akageukia ukutani akijifuta uso.

Mama Nyapal hakupiga makofi. Aliinua mkono akafunika lile jicho jipya walilokuwa wakilishangilia. Akabaki na la kushoto peke yake, lile lililonusurika. Akaangalia mlango, akaangalia benchi, akaangalia uso wa mwanawe. Vyote vilikuwapo. Alikaa hivyo muda mrefu, kiganja usoni, na hakuna aliyemharakisha.