Jini Aliyebomolewa Nyumba

Harufu ilianza Jumatatu, Liberati akiwa kazini na kikombe cha chai mkononi: nywele zinazoungua. Alinusa kikombe, akanusa mkono wa sweta yake, kisha akawatazama wenzake kwa ile dharau iliyomkaa usoni kama pua. Hakuna mwingine aliyeisikia.

Liberati, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, alikuwa mtunzaji wa kompyuta kubwa ya maabara moja huko Amherst, nje kidogo ya Buffalo. Watu wengi waliitumia kwa pamoja, kila mtu kutoka mezani pake, na kila mtu alijichagulia sheli, yaani ile programu inayopokea amri anazoandika. Wengi walipenda bash. Vijana walipenda zsh kwa rangi na madoido yake. Hao Liberati aliwaita mabwana harusi. Waliomchefua hasa ni wachache waliong'ang'ania csh, sheli iliyomzidi yeye umri. Hao aliwaita mafuvu.

Asubuhi ile alikuwa ameifuta csh. Hakumuuliza mtu, hakupiga hodi.

"Kaka Liberati." Nzigire, Mkongo wa Bukavu aliyechambua takwimu pale, alisimama mlangoni. "Bon, mi niko natumika na ile ya zamani tangu Louisville. Kazi yangu yote iko mule. Juu ya nini umeitoa bila kutuambia?"

"Dada, hata punda hufundishwa njia mpya."

"Miye si punda."

"Basi jifunze haraka kumshinda."

Jioni, nyumbani kwake Tonawanda, mkewe Florida aliweka ugali na maharage mezani.

"Acha kuandika, baba. Chakula kinapoa."

"Siandiki."

Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinagonga meza, haraka haraka, kama vya mtu aliye kwenye kibodi. Aliukalia mkono. Ukaendelea kugonga chini ya paja lake.

Kabla wiki haijaisha kugonga kule kulikuwa kumehamia kifuani, tiki-tiki-tiki nyuma ya mbavu, na siku moja mkutanoni mdomo wake ulifunguka wenyewe ukatoa sauti nzito ya kukwaruza, ukamwambia kila aliyeketi pale kwamba ni mjinga, na kilichomtisha Liberati kuliko sauti yenyewe ni kwamba hakuna aliyeshtuka, kwa sababu maneno yalikuwa yaleyale wanayoyasikia kwake kila siku, wakadhani ana mafua.

Florida peke yake, aliyekuwa ameisikia sauti ile usiku, ndiye aliyejua kwamba si mafua. Alimpigia Mama Marita, mwombezi wa Kirundi aliyekaa Columbus, naye akaja akiendesha gari kwenye theluji. Walimlaza Liberati kitandani mchana kweupe. Mama Marita alimpaka mafuta kwenye paji la uso.

"Wewe ni nani?" alinong'ona. "Unamtakia nini mtoto wa watu?"

"Kanibomolea nyumba," sauti ilijibu. "Nilikaa mle miaka na miaka, simdhuru mtu."

Mama Marita aligeuka. "Mwanangu, mrudishie."

Liberati alitaka kucheka. Airudishe takataka ile, mafuvu wamshangilie? Lakini harufu ilimkaba koo. Florida alimletea kompyuta yake ndogo, naye akairudisha csh, machozi ya hasira yakimtiririka. Kisha Florida akampigia Nzigire simu, amsihi aijaribu.

"Inafunguka," Nzigire alisema. "Mumwambie aksanti."

"Umesikia," Mama Marita alisema. "Nyumba yako ipo. Toka."

Mdomo wa Liberati ukacheka.

"Kibanda kile? Mle tulibanana na watu wanaofundishana na kuombana radhi. Humu nimetembea chumba hadi chumba na sijamkuta hata mtu mmoja ambaye huyu anampenda. Nafasi kama hii nitaipata wapi tena?"

Liberati, akisikiliza kutoka mahali fulani nyuma ya ulimi wake mwenyewe, alitaka kupaza sauti kwamba ni uongo, kwamba Florida yumo, mkewe wa ndoa, naye akakimbia kumtafuta ili amlete mbele amwonyeshe, akafungua mlango huu na ule, akaita, akafungua mwingine, na kila chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, kikinuka nywele zinazoungua.

Kitandani, Florida alikuwa bado amemshika mkono. Alimtazama mumewe machoni kwa muda mrefu. Kisha akauachia.