Cheti Ndani ya Kanga ya Zambarau

Kila asubuhi Mwamvua aliamka akaikuta nyumba kimya. Baba yake, fundi seremala, alikuwa keshatoka. Mama yake alipata kazi hotelini Uroa, akawa anarudi mwisho wa mwezi tu. Na kwa kuwa Mwamvua aliingia skuli mkondo wa mchana, asubuhi yote alikuwa peke yake, ghorofani Mkunazini, akisikiliza watu wakicheka vichochoroni.

Alipomkumbuka mama, alifungua sanduku lake, akachomoa kanga moja, akajifunika apate harufu ya udi. Hakuirudisha. Kesho yake alichomoa nyingine. Baada ya wiki tatu kanga zilitapakaa kitandani na uvunguni, zimechanganyika na madaftari na nguo chafu.

Jumanne moja ilikuwa siku ya mwisho: asiyepeleka cheti cha kuzaliwa hataandikishwa mtihani wa darasa la saba. Mwamvua akampigia mama simu.

"Kimo sandukuni, mwanangu, ndani ya mkunjo wa kanga ya zambarau."

Sanduku lilikuwa tupu. Mwamvua aliaga haraka, akakata simu. Alipekua, akarusha nguo huku na kule, mwisho akaketi sakafuni akalia.

Bi Mardhiya, jirani wa chini, akapiga hodi. "Mwanangu, unahama? Dari yangu inatikisika!"

"Shikamoo, Bi Mardhiya. Nshatafuta kila pahala, cheti changu sikioni."

"Marahaba. Hujatafuta, umefukua tu. Shika ncha hiyo, tukunje."

Wakakunja kanga moja moja, wakaweka madaftari mezani. Ile ya zambarau waliikuta mwisho, ndani ya beseni la nguo za kufua. Cheti kilikuwamo, kimekunjamana. Jioni ile baba angetia maji beseni lile afue, na cheti kingeharibika.

Mwamvua alikimbia nacho skuli, akaandikishwa. Aliporudi alipita kwa Bi Mardhiya kumshukuru.

"Hebu niambie, kanga ulizitolea nini?"

"Zina harufu ya mama. Nikizirudisha sandukuni, naona kama ameondoka tena."

Bi Mardhiya akamkalisha karibu naye.

"Mama yako alivipanga vitu vile ili ukihitaji kimoja naye hayupo, ukipate. Ndivyo anavyokulea akiwa mbali. Ukivivuruga, unajipotezea malezi yake. Jifunike kanga moja usiku. Asubuhi ikunje, irudishe. Na upweke ukikuzidi, teremka. Mimi nami humu ndani huzungumza na masufuria."