Nyumba ya Mtu Asiye na Mtu

Niliandikisha kwenye fomu kwamba sina mke. Mke ninaye. Hilo ndilo kosa langu, na sitalizungusha.

Miguu yangu yote miwili ilibaki vitani. Bomu la kutegwa ardhini liliikata juu kidogo ya magoti. Kwa miaka mitatu mke wangu alinibeba mgongoni kushuka ngazi tatu za chumba chetu cha kupanga, akanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, kisha akarudi ndani kufuata cherehani yake. Ni fundi wa nguo. Ningeweza kushuka mwenyewe kwa makalio, lakini niliona aibu kuburuzika mbele ya wapangaji. Jeshini waliniita Kifaru.

“Kifaru gani anabebwa mgongoni?” mke wangu alikuwa akiniuliza. Tunacheka. Siku nyingine hatucheki.

Ndipo akatokea Mama Malori. Mjane huyo alikuwa na malori arobaini. Akayauza yote, hakubakiza hata la kubebea mchanga, akafungua mfuko wa kuwajengea nyumba askari waliolemaa vitani. Nyumba zilikuwa za aina mbili. Za familia, ambazo foleni yake haikuwa na mwisho. Na za chumba kimoja, za askari asiye na mtu wa kumtunza. Hizo zilikuwa karibu kukamilika.

Siku karani wa mfuko alipokuja na fomu, mke wangu alikuwa kwa dada yake, siku ya tisa. Tuligombana. Alisema amechoka, nikamwambia mlango uko wazi, akapita.

“Umeoa?” karani akaniuliza.

Nikautazama mlango.

“Mzee, swali jepesi hilo. Umeoa, hujaoa?”

“Wasio na mtu wanapata lini?”

“Miezi miwili.”

“Na wenye familia?”

“Wewe omba uhai.”

“Andika sina mtu.”

“Hata ndugu?”

“Sina mtu. Andika.”

Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini pia nilikuwa na ujanja wangu: nipate nyumba kwanza, halafu nimshangaze. Mke wangu akarudi siku ya kumi na moja. Hakuomba msamaha, nami sikuomba. Aliniogesha, akaangalia kidonda cha kukalia kwenye nyonga yangu ya kushoto, ambacho mimi siwezi kukiona.

“Kimechimbika,” akasema. “Hukutaka hata kumwambia jirani akuangalie?”

“Niangaliwe makalio na jirani?”

“Bora uoze, eeh?”

Habari ya fomu sikuitaja. Miezi miwili sikuitaja.

Siku ya kukabidhiwa nilimwambia tu kwamba tumepata nyumba. Alilia kwa furaha. Alinishonea mto mpya wa kiti, akapiga pasi gauni lake zuri. Kulikuwa na turubai, vipaza sauti, watu wa magazeti na redio. Mimi nikasukumwa mbele kwa wageni rasmi, yeye akabaki nyuma na umati, mto mkononi.

Ofisa wa mfuko akashika kipaza sauti.

“Shujaa huyu hana mke, hana mtoto, hana hata wa kumpa maji ya kunywa! Miaka mitatu amejitunza peke yake!”

Makofi. Mama Malori, bibi mfupi mwenye viatu vya raba, akaniinamia.

“Pole sana, mwanangu. Sasa sisi ndio watu wako.”

Nikageuza shingo. Mke wangu alikuwa anakuja, taratibu, katikati ya viti. Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningepona. Akampa ofisa ule mto.

“Wewe nani, mama?” ofisa akamuuliza.

“Mpita njia. Muwekeeni huu, mkunje zaidi upande wa kushoto. Ndiko kidonda kiliko. Hana wa kuwaambia.”

Akaondoka. Na mimi, Kifaru, nikapokea ufunguo.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaki kuisingizia. Mlango mpana. Sinki kwenye kimo cha kifua changu. Vyuma vya kushika chooni, swichi chini, kitanda cha mtu mmoja chenye kimo sawa na kiti. Kila kitu nilikifikia mwenyewe, na kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumwita mtu. Wiki ya kwanza nilisema ni uhuru. Wiki ya nne nilimwaga chai sakafuni makusudi, nikakaa kusubiri nani anigombeze. Chai ikakauka.

Nilipiga simu. Akapokea dada yake.

“Shemeji, naomba niongee na mke wangu.”

“Mke wa nani?”

“Wangu.”

“Wewe si yule asiye na mtu? Tulikusikia redioni. Nilikuonea huruma, nikataka hata nikuchangie.”

“Shemeji, tafadhali.”

“Mtu asiye na mke, shemeji anamtoa wapi?”

Akakata.

Nikaandika ujumbe: “Nilitaka kukushangaza.”

Jibu lilikuja baada ya siku nne: “Ulifanikiwa.”

Nikaandika tena: “Nisamehe. Ilikuwa hasira.”

“Hasira ni ya siku moja. Wewe ulinyamaza miezi miwili. Siku zote hizo nilikuwa nakuogesha. Ilikuwa mikono ya nani?”

Nikaizima simu.

Mwezi wangu wa saba mle ndani akanitembelea koplo mmoja niliyelazwa naye. Yeye mabomu yalimchukua mikono yote miwili. Aligonga mlango kwa goti.

“Kifaru! Ikulu hii! Mimi wanasema wataniwekea bomba la kukanyaga kwa mguu.”

“Lini?”

“Nyumba zijazo. Zilijengwa sita, mimi nilikuwa wa saba. Bado nalala wodini, wananihamisha kona hadi kona kama kabati bovu.” Akacheka, akatazama huku na huku. “Shemeji yuko wapi? Yule mama alikuwa ananilisha kwa kijiko kama mwanawe. Mwite nimsalimie.”

Nikageuza kiti kwenda kumimina chai.

“Kifaru, shemeji yuko wapi?”

“Hayupo.”

“Amekwenda wapi?”

Akatazama kile kitanda cha mtu mmoja. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

“Aaa,” akasema.

Nikamsogezea kikombe mdomoni nimnyweshe chai. Akageuza uso.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa Mama Malori.

“Mama, nimeleta ufunguo. Mimi nina mke.”

“Umeoa lini?”

“Mwaka wa kumi na tano huu.”

Akavua miwani, akaiweka mezani.

“Ulinidanganya.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nikiomba kwa wenye pesa, nawasimulia habari yako. Yako! Wakijua, unafikiri watanipa tena?”

“Nitawaambia mwenyewe.”

“Mkeo amekubali kurudi?”

“Hapana.”

“Anajua unarudisha nyumba?”

“Hajui.”

“Sasa unairudisha ili iweje?”

“Ilikuwa ya mtu asiye na mtu. Kuna koplo, yuko wodini.”

Akarudisha miwani usoni. Kisha akavuta daftari.

“Foleni ya familia ina watu mia moja arobaini na mbili. Utakuwa wa mwisho. Na safari hii fomu atatia sahihi mkeo mwenyewe. Asipotokea, jina nalifuta.”

“Niandike.”

Kwenye mkutano wa wafadhili ofisa, asiyejua lolote, alinisimulia kwanza kwa sifa, kisha nikapewa kipaza sauti nikasema ukweli. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alichukua kofia yake akatoka, na jirani yake akamfuata.

Nikarudi kwenye kile chumba cha zamani. Kilikuwa kitupu bado kwa sababu bati linavuja. Ngazi tatu nilizipanda kwa makalio, wapangaji wakiangalia. Hakuna aliyecheka. Miaka mitatu nilikuwa naogopa kicheko ambacho hakikuwepo.

Nikamwandikia mke wangu: “Nimehama. Niko kule kwetu. Siombi kitu.”

Hakujibu. Siku kumi na mbili nilisikiliza cherehani za nyumba za watu. Siku ya kumi na tatu, mchana, nikaona kivuli mlangoni.

“Nani alikupandisha?”

“Makalio.”

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia.

“Ulitoa nyumba ukijua nitakuja?”

“Sikujua.”

“Na nisingekuja?”

“Ningekuwa hapa hapa.”

“Mjinga wewe.”

“Ndiyo.”

“Usinijibu ndiyo, ndiyo, kama uko gwaride! Nina hasira nawe bado.”

“Ni haki yako.”

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mbali nami.

“Siku ile nilipokwambia nimechoka, ulisikia nini?”

“Nilisikia umenichoka mimi.”

“Mgongo! Nilikuwa nimechoka mgongo, bwana! Miaka mitatu nakubeba. Nilitaka uniulize swali moja tu.”

Sikuwa na shule nyingi, lakini swali lenyewe nililijua.

“Unauma wapi?”

Akageuka, akanionyesha, chini kidogo ya mbavu. Nikasogea, nikaweka kiganja. Tukakaa hivyo mpaka mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa analia.

“Nitakuja kutia sahihi,” akasema bila kugeuka. “Lakini pale palipoandikwa mtunzaji, usiweke jina langu. Niandike mke.”

“Nitaandika.”

“Na ngazi hizo sikubebi tena.”

“Usinibebe.”

Jumamosi akaja na cherehani yake.

Watu wananiambia nimepata bahati, na kweli. Lakini gharama yake naijua. Koplo alilala wodini miezi saba, nyumba yake nikiikalia mimi. Sasa anakaa kwenye nyumba ile, na salamu yangu haitikii. Kidonda changu sasa kinaingia kidole kizima. Kwenye foleni tumefika namba mia moja thelathini na moja. Mke wangu yupo, ila mgongo wake daktari amesema hautarudi ulivyokuwa, na kuna siku anakaa kimya tangu asubuhi mpaka jioni, nami najua anasikia kile kipaza sauti. Wafadhili wawili walijitoa kwenye mfuko. Kwa hiyo nyumba tatu hazikujengwa. Askari watatu. Wawili kati yao nawafahamu kwa sura.