Hapana ya Wadi ya Njiti

Mlango wa wadi ya watoto njiti ulifunguka wenyewe saa saba mchana, taratibu, kama jirani anayechungulia kama chakula kimeiva.

"Shemeji," muuguzi alimwambia fundi wa kompyuta, "mlango wako hauna adabu. Baridi inaingia, na mwanao ndiye aliye karibu nao."

Fundi alicheka, maana hakuwa na dawa nyingine, akafungua faili la mipangilio inayoongoza milango ya hospitali. Lilisema: mlango wazi, "hapana". Sasa kosa liko wapi? Akaufunga kwa mkono. Harufu ya udongo mbichi ikambakia puani.

Kesho yake sauti ilinong'ona nje ya mlango: "Nifungue?"

"Hapana!" muuguzi akapiga kelele, na mlango ukafunguka wote, taa ya kisanduku cha joto ikafifia, baridi ikatambaa sakafuni na harufu yake ya kaburi, ikapanda miguu ya kisanduku, na kifua kidogo cha mtoto aliyelala humo kikaanza kupanda na kushuka mbio mbio, mbio mbio, kama kinakimbizwa.

Fundi alimwita Shangazi, mstaafu aliyeujenga mfumo ule. Alikuja na miwani miwili na mdomo mmoja mkali.

"Nani kaweka alama za nukuu?"

"Mimi. Zinapendeza."

"Zinapendeza! Mwanangu, ukiifungia hapana ndani ya nukuu, mashine haijali maana yake. Inaona kuna neno, basi, inasema ndiyo. Hapana ya kweli huandikwa tupu. Na humu kila mtu na lake: huyu hapana yake kaiandika sifuri, yule 'zima'!" Akashusha sauti. "Kilichoingia kimejifunza hapo. Ukikijibu neno lolote, umekikaribisha. Fyata mdomo, tuandike."

Wakasahihisha faili moja baada ya jingine, hapana zote kwa mtindo mmoja, huku sauti ikiuliza, ikibembeleza, ikilia kama mtoto, na muuguzi ameuma kitambaa chake. Kwenye faili la arobaini mlango ukajibamiza. Harufu ikakatika.

Wiki mbili baadaye mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani. Fundi hakumsimulia mkewe lolote. Mzazi hatishwi, alijiambia.

Alikuwa uani anafua nepi aliposikia mlango wa mbele ukigongwa, na sauti tamu: "Niingie?"

Akatupa nepi, akakimbia, kafumba mdomo, anapunga mikono yenye povu, lakini mkewe, mtoto yuko titini, alishajibu kama ambavyo yeyote angejibu:

"Hapana, subiri kidogo!"

Komeo likateleza lenyewe.