Bega la Dobi

Dobi aliamka akiwa amechoka vilevile alivyolala. Bega la kulia lilimuuma tangu mvua zilipoanza, na sasa mkono haukufika tena kichwani. Kilemba alifungwa na mumewe, seremala, aliyekikaza kama mtu anayefunga gunia. Majirani walicheka. Yeye alichoka hata kucheka.

Kazi haikungoja. Alipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mapipa mawili. Mlango ulimfika karibu na kifua, hivyo kila alipokandamiza pasi bega lilipanda. Aliogopa sana: mkono ukigoma kabisa, watakula nini?

Mumewe alisikia kwamba kuumika, yaani kuvuta ngozi kwa kikombe, hutuliza maumivu, akaona ni jambo dogo. Akawasha karatasi ndani ya bilauri, akabandika bilauri hiyo begani. Ngozi ilivutwa kweli, lakini ikabaki na lengelenge la moto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dobi akaenda na mumewe kumwonyesha jirani yao muuguzi.

Muuguzi hakuwagombeza. Alilisafisha jeraha, akamhimiza aende kliniki apimwe kwanza, maana bega huuma kwa sababu nyingi. Daktari akakuta misuli imechoka na kiungo kimeanza kukakamaa, akampa mazoezi. Ngozi ilipopona, daktari aliporidhia, muuguzi alimpeleka kwa mwumikaji mwenye kibali. Huyo alitumia vikombe safi vinavyovutwa kwa pampu, bila moto wala wembe, vikaacha alama nyekundu begani.

"Dada, hivi vikombe huwapa watu wengine nafuu, wengine hapana," muuguzi alimwambia. "Hiyo alama si ugonjwa unaotoka, ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Mazoezi usiyaache. Na wewe shemeji," akamgeukia seremala, "ule mlango utalirudisha bega kulekule, hata mkeo akiumikwa mwili mzima."

Seremala aliona haya. Mganga hajigangi: mtaa mzima ulikula juu ya meza zake, mkewe akapiga pasi juu ya mlango. Wiki ile ile akamtengenezea meza ya kimo cha kiuno.

Bega halikupona upesi. Kuna siku dobi aliyachukia mazoezi mpaka machozi yakamtoka. Aliendelea hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja mkono ukafika kichwani, akajifunga kilemba mwenyewe.

Mumewe alisimama mlangoni, hana la kufanya.

"Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa najua kufunga," alisema.

Dobi akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zile.