Usiitike Televisheni

Televisheni ya Sibomana ilikuwa imekufa siku tisa, waya wake umechomolewa ukutani na kufungwa fundo. Lakini kila jioni Mukandekezi alipopitisha mkono juu ya kitambaa cha kufuma kilichoifunika, alikikuta kina joto, kama mtoto ametoka kukikalia sasa hivi. Siku ya kwanza alidhani ni jua la dirishani. Siku ya pili mvua ilinyesha mchana kutwa. Siku ya tisa hakudhani kitu, alikasirika tu. Ndivyo alivyoumbwa: wengine wakiogopa hutetemeka, Mukandekezi akiogopa hugomba.

"Baba Umutoni, hili dude litoke nyumbani kwangu."

"Litoke liende wapi? Ni kazi ya fundi hiyo, siku moja tu inawaka." Sibomana alikuwa dereva wa wizara kule Kacyiru. Televisheni hiyo aliitoa Bujumbura mwenyewe, na mtaa wote wa Gitega, hapa Kigali, ulijua, maana alimwambia kila mtu, hata wasiouliza. Kisha radi ya Aprili ile ya mwaka tisini na tatu ikapiga antena, ikalia paa! na kioo kikawa cheusi.

"Mimi nataka nyingine. Hii inanuka."

"Waya zimeungua, zitaachaje kunuka?"

"Waya gani zinanuka ubani uliozimwa kwa maji? Wewe una pua au una kifuniko?"

Wiki nzima waligombana hivyo. Wakila, kutengeneza. Wakitandika kitanda, kubadilisha. Binti yao Umutoni, mwenye miaka saba, alikula ugali wake akiwatazama kwa zamu. Sibomana alisema mwanaume hatupi kitu kizima. Mukandekezi akamwuliza kitu kilichopigwa na radi kikanuka kikafa kina uzima gani, labda ule wa akili zake.

Siku ya kumi, jua linazama, jirani yao mzee Rutayisire alikuja kurudisha pasi ya mkaa. Akakaa kidogo kupumzisha magoti. Sibomana hakuwa amerudi kutoka kazini. Ndani ya televisheni kukasikika kitu kikikwaruza, polepole, kama kucha juu ya kanga. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, ya upole, ya mtu mzima mwenye heshima zake.

"Rutayisire."

"Karame!" mzee akaitika, ameshanyanyuka nusu kitini kabla hajawaza lolote.

Usimcheke. Kigali mtu aliyelelewa akiitwa na mkubwa hasemi nini, hasemi nani. Husema karame, yaani uishi sana wewe uniitaye. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Mukandekezi mwenyewe alikuwa akimfinya Umutoni sikio kila anapochelewa kuitika, na alijisifu kwa majirani kwamba wake hahitaji kuitwa mara mbili.

"Nani ameniita?" mzee akauliza, akitazama huku na huku.

"Watoto wa barabarani hao, mzee wangu," Mukandekezi akadanganya.

Asubuhi Rutayisire aliamka hana sauti. Kinywa kilifunguka, ulimi ulicheza, hakuna kilichotoka. Siku ya tatu akafa. Jioni ya maziko Mukandekezi aligusa kile kitambaa, akautoa mkono haraka, maana kilikuwa cha moto kabisa. Na kutoka ndani ya lile sanduku, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Rutayisire, kile kikavu cha mara mbili alichokisikia kupitia ukutani miaka kumi na moja.

Kesho yake, Jumatatu, alikwenda Biryogo kwa Shehe Ndayisaba. Alimweleza yote akiwa amesimama, hata kiti alikikataa. Shehe akateremsha sauti.

"Mama, huyo ni jini asiye na uhai wake. Anaishi kwa anayoombewa. Ninyi mnamwombea maisha marefu kwa vinywa vyenu, naye anayachukua kwa yule aliyeitika. Asiitike mtu. Na hilo sanduku lisifunguliwe. Likifunguliwa, kila kipande kitakuwa nyumba yake. Lizikwe zima. Ijumaa baada ya sala nitakuja nilisomee, tulizike."

"Ijumaa! Leo Jumatatu, shehe! Mtoto wangu analala chumba kimoja nalo!"

"Nina wagonjwa wengine. Funga mlango wa hicho chumba, na punguza hasira."

Lo! Afadhali angemtukana. Mukandekezi alipanda kilima cha Gitega akiongea peke yake njia nzima, watu wakimpisha. Nyumbani mumewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Nizike televisheni? Niivishe na sanda? Jumamosi naipeleka kwa fundi Jean-Berchmans aitengeneze, maneno yaishe."

"Yataisha ukishamzika mwanao!"

"Usinitabirie mabaya nyumbani kwangu, sha!"

Walikuwa bado wanarushiana maneno hayo, yeye mkono kiunoni na mumewe amevua kiatu kimoja, wakati jua lilipogusa bati za ng'ambo na ukwaruzaji ukaanza nyuma ya mlango uliofungwa, taratibu, kisha kwa haraka, na harufu ya ubani ule ule ikapita chini ya mlango kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji, na Mukandekezi akaona kupitia dirishani kwamba Umutoni yuko uani anaosha sahani, mgongo umeelekea nyumba, na kabla hajapata pumzi ya kusema neno ile sauti ikakohoa mara mbili, kavu, ikaita, "Umutoni," na mtoto akageuza kichwa, uso wote umekunjuka kwa furaha ya kusikia sauti ya mzee aliyempenda, midomo imeshafunguka, na mama yake akaruka kizingiti akamwangukia na kumziba kinywa kwa mkono, mtoto akimng'ata, sahani zikivunjika, na sauti ikiita mara ya pili, na ya tatu, kwa subira, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake.

Kisha ikanyamaza. Sibomana alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Nimesikia," akanong'ona.

"Sasa ndiyo umesikia!" Mukandekezi akamjibu, akilia kwa hasira.

Asubuhi hakumngoja mume wala shehe. Aliibeba televisheni mgongoni, akaifunga kwa kitenge kama mtoto, na joto lake likampenya hadi mbavuni. Jean-Berchmans alikuwa na kibanda karibu na kituo cha basi, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo.

"Eh, mama, hii kitu iko nzuri! Niachie, nakutengenezea."

"Sitaki itengenezwe. Nipe nyingine."

Fundi akakuna kidevu. Akaonyesha ndogo ya rafuni, isiyo na rangi. "Chukua hii basi. Yako nitaivunja vipuri. Spika yake tu watu watanipigania."

Likifunguliwa, kila kipande. Maneno ya shehe aliyakumbuka vizuri. Mukandekezi akawaza kuchimba shimo mbele ya majirani wanaochungulia. Akawaza Ijumaa, na yule shehe na wagonjwa wake, na mume aliyecheka. Kwa nini kila mzigo wa dunia hii ubebwe na yeye? Yeye anaye mtoto mmoja, na wa wenzake wana mama zao.

"Vunja," akasema. "Ni yako."

Nyumba ikatulia. Kitambaa kikawa baridi juu ya ile televisheni ndogo. Shehe alipokuja Ijumaa akauliza, "Liko wapi?"

"Limetoka."

"Mlilizika?"

"Nimesema limetoka!" Shehe akamtazama sana, kisha akafunga kitabu chake akaenda zake.

Hata hivyo Mukandekezi alimfundisha Umutoni upya. Ukiitwa, mwanangu, usiitike mpaka umwone anayekuita mdomo unacheza. Isipokuwa mimi. Sauti ya mama yako unaijua.

"Yego, mama," mtoto akakubali. Alikuwa msikivu.

Wiki tatu zikapita. Jioni moja Jean-Berchmans alipita barabarani, akampungia mkono. "Mama Umutoni, ile mashine imenifaa! Spika, transfoma, bomba la picha, vyote nimeshafunga kwenye televisheni za watu. Nyumba nane hapa mtaani zinatazama kwa ajili yako."

Wakati huohuo umeme ukakatika, kilima chote kikawa kimya, redio, vinu, muziki wa baa, vyote, na katika ukimya ule akasikia ukwaruzaji kwenye nyumba ya ng'ambo, kisha kwenye nyumba inayofuata, kisha nyuma yake, kisha kila upande, kwenye televisheni zisizo na umeme, na jua lilikuwa linagusa bati, na Umutoni yuko chini bombani na ndoo yake, mbali na mkono wa mama, na sauti zikakohoa kikohozi kimoja kikavu mara mbili, zikaanza, "Umu—", na Mukandekezi akakimbia akiteleza topeni, amewakasirikia wote, fundi, shehe, mume, yeye mwenyewe, na kwa nguvu zote za kifua chake akapaza sauti kumwonya mtoto afunge kinywa, lakini neno la kwanza lililomtoka lilikuwa jina lake.

"Umutoni!"

Akaliita pamoja nazo, sauti yake na zile nane, kwa pumzi moja.

Mtoto akaijua sauti ya mama yake. Akainua uso, akatabasamu, akaitika upesi, kama alivyofundishwa kwa kufinywa sikio.

"Karame!"

Walimzika siku ya tatu. Siku ya nne jioni Mukandekezi alikuwa ameketi uani, mumewe ubavuni. Jua likagusa bati. Kutoka nyumba nane za Gitega, sauti nyembamba ya mtoto wa miaka saba ikaita, taratibu, kwa adabu.

"Mama."

Sibomana akamshika mkono kwa nguvu. "Usiitike," akanong'ona. "Mama Umutoni, nakuomba kwa Mungu, usiitike."

"Niachie!" Mukandekezi akaunyofoa mkono wake. Maisha yake yote hakuwahi kukasirika hivyo. Akasimama, akaelekea kule sauti iliko.

"Karame, mwanangu," akaitika.