Kulalamikia Ukuta

Kila Jumamosi Bernardine alisugua ukuta. Alilowesha kitambaa kwa dawa ya kuua kuvu, akafuta pembe ya chumba cha mtoto mpaka ikawa nyeupe. Siku chache baadaye pembe ile ilikuwa nyeusi tena.

Binti yake Merveille, wa miaka sita, alilala chini ya pembe hiyo. Alikohoa sana. Daktari alimpa pampu ya kuvuta dawa, kisha akasema waziwazi: "Kifua hiki hakitapona ndani ya chumba chenye unyevu."

Nyumba yao ilikuwa ya umma, na mwenye nyumba ni ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa Byamungu, mume wa Bernardine, neno serikali lilitosha kumkausha mate. Alitoka Bukavu. Sasa alifanya kazi kiwandani Fridley, mji wa ughaibuni, lakini bado alishuku kila kitu: simu, barua, hata salamu za jirani. Mimi simlaumu, maana amefukuzwa mara nyingi maishani.

Fundi wa nyumba, Lenny, alikuja mara moja. Alipaka rangi juu ya weusi. Akiondoka akauliza, "Kila kitu sawa?"

"Okay, okay, thank you," alijibu Byamungu, akitabasamu.

Kwao mtu akikuuliza hali, unajibu nzuri hata kama una homa. Lenny akaenda zake.

Siku moja jirani wa ghorofa ya chini alibisha hodi. Aliitwa Saada, mwenyeji wa Mombasa. Aliwaletea mahamri. Alipoingia tu alivuta pumzi.

"Mama Merveille, hii harufu ya maji yatoka wapi?"

Bernardine alimwonyesha ukuta. Byamungu aliwatazama kwa jicho la pembeni. "Anachunguza nini?" alijiuliza. "Pengine ametumwa na ofisi."

"Pelekeni complaint ofisini," Saada akasema.

Byamungu alisimama. "Plainte? Hapana, Mama Saada! Mi siwezi kufungisha Lenny. Ule bwana iko na batoto."

"Kumfunga? Nani kataja kumfunga?"

Bernardine akaeleza kwa sauti ya chini: "Kwetu plainte ni polisi. Banakuitisha, banakufunga. Kisha jamaa yako yote banabaki na chuki."

Saada alicheka, halafu akaona uso wa Byamungu, akaacha.

"Pole, kaka yangu. Maneno yafanana, mambo ni mbalimbali. Hapa complaint ni malalamiko tu. Humshitaki Lenny. Walalamikia ukuta."

"Na weye nani anakulipa juu ya kutuambia hii?"

"Hanilipi mtu. Niko kwenye kamati ya wapangaji. Na bomba likipasuka kwenu, maji yaja kwangu."

Jibu hilo Byamungu aliliamini kidogo, kwa sababu Saada naye alikuwa na faida yake katika jambo hilo. Akakaa.

"Sikilizeni," Saada akasema. "Piga picha ukuta kwa simu. Pigia ofisi, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na haruhusiwi kutoa siri zenu. Sema tatizo liko wapi, limeanza lini, na mtoto anaumwa. Sema fundi alikuja na halikuisha. Watakupa nambari, itunze. Wasipokujibu, piga tena na uitaje. Jibu lisipokuridhisha, una haki ya kuomba mtu mwingine akusikilize upya."

"Batatufukuza."

"Sheria yakataza kumfukuza mpangaji kwa sababu amelalamika. Kodi lipeni kama kawaida. Na wakikuuliza hali, usiseme nzuri!"

Byamungu hakutaka kushika simu. Bernardine aliishika mwenyewe. "Nataka kulalamika," alisema, na mkalimani akatafsiri.

Baada ya hapo Byamungu hakutulia. Alitia hati zote za familia kwenye begi moja, akaliweka karibu na mlango. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yao, aliacha kula.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja mkaguzi. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Mkaguzi alitoa chombo kidogo, akakiweka ukutani. Kikalia.

"Kile kinarekodi sauti yetu?" Byamungu aliuliza.

Mkalimani alitafsiri. Mkaguzi hakukasirika. Alimpa chombo akishike. Kilipima maji ndani ya ukuta. Byamungu alikiweka penye ukavu, kikanyamaza. Akakiweka kwenye pembe nyeusi, kikapiga kelele. Alirudia tena, asidanganywe.

"Na nyinyi mnaendeleaje humu?" mkaguzi akauliza.

"Tuko bizuri..." Byamungu akaanza, kisha akamsikia Merveille akikohoa kitandani. Mkaguzi alimgeukia mtoto, akamuuliza kama anaumwa.

"I'm fine," Merveille alijibu huku akihema, akitabasamu vizuri kama baba yake.

Byamungu aliona aibu. Mtoto alikuwa amejifunza uongo ule kwake.

"Hapana," alisema. "Hatuko bizuri. Ukuta iko na maji. Mutoto wangu anashindwa kupumua. Tulikuwa tunasema nzuri juu ya heshima tu."

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Akaagiza ukuta ufunguliwe.

Lenny ndiye aliyekuja kuufungua. Ndani kulikuwa na bomba linalovuja, na mbao zimeoza. Byamungu alisimama mlangoni akisubiri hasira ya fundi. Lenny alimwangalia.

"Mara ile nilikuuliza," akasema. "Mbona uliniambia sawa?"

Byamungu alimwomba Bernardine achemshe chai, wakanywa wote.

Bomba jipya liliwekwa, mbao zikabadilishwa, ukuta ukakauka. Kikohozi cha Merveille kilianza kupungua.

Jumapili moja, kabla ya kwenda kanisani Brooklyn Center, mji wa jirani, Byamungu aliamka jua likiwa limeshapanda. Hakuna aliyekohoa. Hata kimya kile alikishuku. Alikimbia chumbani kwa mtoto, akaweka kiganja kifuani pake. Kifua kilipanda na kushuka polepole, bila mlio wowote.

Merveille alifungua jicho moja.

"Papa, mkono wako baridi," akasema kwa Kiingereza, akalala tena.